Vipimo vya Walinzi wa Retina



Gari la doria hukanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Askari aliyeketi nyuma hutoka katika vumbi akiwa hana hata mkwaruzo, na siku ya pili yake husoma herufi za ukutani mbele ya daktari bila ya kukosea. Huandikwa kwamba yu mzima. Baada ya miezi kadhaa huanza kulalamika kwamba nuru yamchoma macho na kwamba mistari ya kitabu humpotea. Hapo hawakosekani wakubwa watakaomdhania kuwa anakwepa kazi.

Kwa majeshi ya nchi hizi jirani jambo hilo si la kusimuliwa tu. Askari wa Uganda na wa Burundi waliingia Somalia mwaka 2007, wale wa Kenya mwaka 2011, na bomu la kutegwa barabarani limekuwa miongoni mwa silaha kali za adui waliyemkuta huko. Nchini Marekani nako, vita vya Iraki na Afghanistan viliwarudisha nyumbani askari wengi wenye malalamiko ya namna hiyo. Ndipo wataalamu walipozidi kuuliza: mlipuko usioacha jeraha juu ya ngozi huacha alama gani ndani ya jicho?

Swali hilo limewafikisha kwenye chembe hai ambazo zenyewe hazioni. Nyuma ya jicho kuna utando uitwao retina, ambao unene wake haufiki nusu milimita. Humo zimo chembe zipokeazo nuru na zile zipelekazo habari kwenye ubongo. Lakini zimo pia chembe za kuzitegemeza. Mjerumani Heinrich Müller alieleza mwaka 1851 juu ya zile zinazoupenya utando huo toka upande mmoja hadi wa pili, kama nguzo za nyumba. Mpaka leo zinaitwa kwa jina lake. Zipo nyingine zenye umbo la nyota, zishikamanazo na mishipa ya damu. Na zipo zile ndogo ambazo Mhispania Pío del Río Hortega alizitambulisha mwaka 1919. Hizi za mwisho ndizo walinzi.

Mlinzi huyo, wakati wa amani, ana mwili mdogo na matawi marefu membamba yanayopapasa huku na huku. Mwaka 2005 ilionekana katika ubongo wa panya walio hai kwamba matawi hayo hayatulii kamwe. Pakitokea madhara, huyarudisha ndani, mwili ukavimba, na chembe ikawa kama tone lenye vijiguu vifupi. Zile nguzo za Müller nazo, retina ikiumizwa, hujijaza nyuzinyuzi za protini ambayo kwa kawaida huwa nayo kidogo sana. Mabadiliko hayo yameonekana katika panya waliopigwa na mawimbi ya mlipuko ndani ya maabara.

Basi umbo ni habari. Taabu ni kwamba, kwa miaka mingi, habari hiyo ilitegemea jicho la mtu aliyeinamia hadubini. Mmoja aliandika kwamba chembe imevimba, mwenziwe akaona ni ya kawaida. Polisi anaifahamu vema tofauti iliyopo baina ya shahidi asemaye kwamba unyayo ulikuwa mkubwa na yule aliyeupima kwa futi.

Upimaji wenyewe hauna uchawi. Chembe hutiwa rangi ing'aayo, hupigwa picha, na kompyuta huitenganisha na giza linaloizunguka. Kisha mduara huchorwa kuizunguka, na mwingine mkubwa zaidi, na mwingine, na katika kila mduara yakahesabiwa matawi yanayoukata. Njia hiyo aliitoa Donald Sholl huko London mwaka 1953, akipima chembe za ubongo wa paka. Kipimo kingine hulinganisha eneo la chembe na urefu wa mpaka wake: duara kamili hupata 1, na kadiri matawi yanavyozidi ndivyo hesabu inavyoshuka kuelekea 0. Tangu mwaka 1997 taasisi ya afya ya serikali ya Marekani imekuwa ikitoa bure programu ya kufanyia kazi hiyo, iitwayo ImageJ, na kompyuta ya kawaida ya mezani yaweza kuiendesha.

Lakini asidhani mtu kwamba mashine haidanganyiki. Ni binadamu anayeiambia weupe uanzie wapi na giza liishie wapi. Mpaka huo ukishushwa mno, uchafu wa picha huhesabiwa kuwa matawi. Ukipandishwa mno, matawi membamba hutoweka, na mlinzi aliyetulia huandikwa kuwa amevimba. Kwa hiyo watafiti waangalifu huweka kanuni moja kwa picha zote, na mpimaji hafichuliwi ni jicho lipi lililopigwa na mlipuko. Asiyefanya hivyo ameleta maoni yake yakiwa yamevaa sare ya tarakimu.

Sehemu kubwa ya kazi hii ingali ikifanywa juu ya retina zilizokwisha kutolewa katika wanyama. Hakuna daktari awezaye kumkata askari jicho ili apime chembe. Hata hivyo, mwaka 2020 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba wamepiga picha za chembe za ulinzi zikitembea juu ya retina za watu walio hai, bila kutia rangi yoyote, kwa kutumia vyombo vinavyosahihisha kasoro za nuru ndani ya jicho. Vyombo hivyo ni vya maabara chache na bei yake ni kubwa. Kwa sasa, askari aliyekuwa karibu na mlipuko hupimwa kwa njia zilizopo: kuangaliwa retina kwa taa ya daktari, kupimwa upana wa uwezo wa kuona pembeni, na kupimwa presha ya jicho, kisha kurudiwa tena baada ya miezi, kwa maana madhara mengine hayaonekani siku ya kwanza.