Oili katika Injini za Magari ya Zamani



Tumeombwa tuzungumze juu ya oili katika injini za magari ya zamani, nasi tungependa kuanza na risiti moja. Ililetwa kwetu na mwalimu mstaafu aliyerithi kwa baba yake Volkswagen ya miaka ya 1960, ile yenye mgongo wa kobe. Risiti ilikuwa na mistari mitatu: oili lita nne, filta ya oili moja, na ufundi. Mwalimu hakuona kasoro yoyote katika mistari hiyo. Alichokuja kulalamikia ni klachi, ambayo ilianza kuteleza wiki mbili baada ya gari kutoka gereji.

Kasoro zilikuwa mbili, na zote zilikuwa zimeandikwa kwa wino. Injini ya gari lile hupokea oili lita mbili na nusu tu. Na filta ya kubadilisha haina kabisa. Kilichomo ni chujio la waya chini ya injini, ambalo hufunguliwa, huoshwa na kurudishwa, likiwekewa gasketi mpya. Mwalimu alilipia kitu ambacho gari lake halikuumbwa nacho, na akajaziwa oili kupita kiasi kwa sababu tu debe la dukani huwa la lita nne. Oili iliyozidi ilisukumwa nje kupitia sili iliyo nyuma ya krankshafti, ikalowesha klachi.

Ili tusidanganywe namna hii, hatuna budi kujua oili hufanya nini humo ndani.

Vyuma viwili vinavyozunguka pamoja katika injini nzima havigusani. Kati yake hukaa utando wa oili mwembamba kuliko unywele, na utando huo ndio unaobeba mzigo. Ukitoweka, chuma husaga chuma, beringi huyeyuka, na injini hunoki. Swali la wahandisi wa zamani lilikuwa moja: oili itafikaje kila mahali?

Ford Model T, lililotengenezwa Marekani kuanzia 1908 hadi 1927, halikuwa na pampu ya oili. Gurudumu zito la nyuma ya injini lilichota oili na kuirusha juu. Bomba dogo likaipeleka mbele, na vichwa vya konrodi vikaichapa kama kasia lichapavyo maji, ikatapakaa kote. Dereva hakuwa na geji wala taa. Alikuwa na bilula mbili ubavuni mwa injini, moja juu na nyingine chini, na ilimpasa kuhakikisha kwamba oili iko kati yake. Mtindo huu ulitosha kwa mwendo wa taratibu, ila kwenye mlima mrefu oili ilirudi nyuma, na silinda ya mbele iliweza kubaki na kiu.

Magari yaliyofuata yalitumia pampu ya meno, na hayo ndiyo mengi ya yale tunayoyaita ya zamani leo. Pampu huvuta oili kutoka kwenye sampu na kuisukuma katika mifereji hadi kwenye beringi za krankshafti, kisha hadi kwenye konrodi kupitia matundu yaliyotobolewa ndani ya krankshafti yenyewe. Katika Volkswagen ile, ambayo haina rejeta wala maji, oili hupitishwa pia katika kipoozeo kilichosimama kwenye upepo wa feni. Kwa hiyo huko oili ni kilainishi na ni sehemu ya upoozaji vilevile, nayo huchoka upesi. Ndiyo sababu ilipaswa kubadilishwa kila kilomita 5,000 hivi.

Hapa pana jambo ambalo wengi huchanganya. Kijiti cha kupimia huonyesha wingi wa oili. Taa nyekundu au geji huonyesha msukumo wake. Sampu yaweza kuwa imejaa na taa ikawaka, kwa kuwa beringi zimelika na oili inapenya ovyo pasipo kukaza. Taa hiyo ikiwaka mkiwa safarini, zimeni injini papo hapo. Msiseme mtaikagua mkifika.

Wauzaji wachache wasio waaminifu wanaijua siri hiyo. Oili ikiwa baridi ni nzito, na msukumo huonekana mzuri hata katika injini iliyochakaa. Wengine huongeza humo dawa ya kuifanya oili iwe nzito zaidi. Basi mnunuzi atakayekuta injini imekwisha kuwashwa kabla hajafika, au geji iliyokatwa waya, na aulize kwa nini. Sisi tungeomba gari liendeshwe walau dakika ishirini, kisha tuitazame taa injini ikiwa ya moto na imeachwa katika mwendo wa chini kabisa. Hapo ndipo ukweli huonekana.

Kuhusu aina ya oili, si kweli kwamba iliyo mpya na ghali ndiyo bora kwa kila injini. Injini nyingi za zamani zina tapeti bapa zinazosugua kamshafti kwa nguvu, na hulindwa na viungo vya zinki na fosforasi. Oili nyepesi za kisasa, mathalani 5W-30 ya daraja la API SN, zimewekewa kikomo cha fosforasi cha asilimia 0.08 ili zisiharibu kisafishaji cha moshi, kifaa ambacho magari hayo hayana. Kikomo hicho hakizibani oili nzito kama 20W-50. Lakini msikimbilie daraja la SA kwa kuwa ni rahisi: halina viungo vyovyote, na halifai kwa magari mengi yaliyotengenezwa baada ya 1930. Someni kitabu cha gari kwanza, ndipo msome debe. Debe lenyewe likaguliwe kifuniko na lakiri, kwani alama ya ubora nayo hughushiwa, na madebe matupu hukusanywa yakajazwa tena.

Tukirudi kwa mwalimu wetu, gereji ilirudisha fedha za filta siku ileile, maana hakuna fundi aliyeweza kuonyesha ilipofungwa. Fedha za klachi zilichukua miezi mitatu. Gereji ilidai kwamba klachi ilikuwa imechakaa tangu awali, na ile ya zamani ilikwisha tupwa. Kilichomwokoa ni yale maneno matatu ya kwenye risiti: oili lita nne.