Paka wa Nyumbani Anapoharisha au Kutapika

Leo tutazungumza juu ya tumbo la paka. Najua wako watakaocheka na kusema, watoto wetu wanaumwa na daktari anatuletea habari za paka! Lakini paka analala mkekani pamoja na watoto, anakula mabaki ya sahani zao, na anapoharisha ni mama anayefagia. Na swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: paka wangu hatoki nje, hakutani na paka wengine, hali takataka za sokoni, ameupata wapi ugonjwa huu, na je, atawaambukiza watoto?

Ni swali zuri, na wasiwasi huo si wa bure. Hapa kwetu mbwa hulala nje, lakini paka tunamwachia mlango kwa sababu ni mnyama tohara na anatuondolea panya. Siku hizi pia ziko familia zinazokaa nyumba za kupanga za ghorofa, paka akafungiwa ndani mchana na usiku. Paka wa namna hii ana bahati moja: kila anachokula ni sisi tunaompa. Kwa hiyo kabla ya kumshuku jirani kwamba ametia sumu, au kusema ni jicho la mtu, keti kidogo ukumbuke alichokula na alichorambishwa kwa siku mbili zilizopita. Waulize na watoto, maana mtoto ndiye anayempa paka vitu kwa siri chini ya meza. Muulize pia dada anayekusaidia kazi, bila kumfokea, ili akuambie ukweli.

Mara nyingi sana jibu ni maziwa.

Katika nchi ya wafugaji mtu akimpenda paka humpa maziwa. Maziwa yana sukari yake ya asili, inayoitwa laktosi. Paka mchanga anayenyonya anaweza kuisaga sukari hiyo, lakini akishaachishwa kunyonya, tumbo lake hupoteza uwezo huo kidogo kidogo. Sukari isiyosagwa hubaki matumboni, huvuta maji na kuchacha, na paka huharisha choo chepesi chenye harufu kali. Wako wanaosema maziwa ya ngamia ni mepesi kwa hiyo hayana shida. Kwa paka si hivyo. Maziwa ya ngamia, ya mbuzi na ya ng'ombe, yote yana laktosi inayokaribiana. Yaliyochachuka yana upungufu kidogo, lakini nayo si chakula cha lazima kwa paka mzima. Anachohitaji ni maji safi na nyama au samaki. Jaribio lake ni rahisi: acha maziwa kabisa kwa siku tatu au nne. Choo kikikaza, umepata jibu na hukutumia hata shilingi moja.

Baada ya maziwa huja mabaki ya sufuria. Nyirinyiri ni chakula kitamu kwetu, lakini samli yake nyingi inamvuruga paka, na mchuzi wenye vitunguu ni mbaya zaidi. Kitunguu maji na kitunguu saumu, hata vikiwa vimepikwa, huharibu chembechembe nyekundu za damu ya paka. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Na katika mwezi wa Ramadhani, nyumba ikilala mchana na kula usiku, paka naye hushinda na njaa kisha akashindilia wakati wa futari, halafu akatapika chakula kizima kizima kabla hakijasagika. Huyo hana ugonjwa. Mgawie kidogo kidogo mara tatu au nne kwa siku.

Kutapika nywele pia kusikutishe. Paka hujiramba mwili mzima, na wakati wa joto letu la Februari na Machi nywele hupukutika kwa wingi. Akitapika kitu kama kijiti cha nywele zilizoshikamana mara moja moja, kisha akala na kucheza kama kawaida, mwache. Lakini akijaribu kutapika tena na tena na hakitoki kitu, au umeona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kwenye nyumba yenye cherehani jambo hili ni la kuangaliwa sana. Usiuvute uzi huo, kwa kuwa mwisho wake mwingine unaweza kuwa umezunguka matumbo, na ukivuta utayakata.

Sasa nataka mnisikilize vizuri juu ya dawa, kwa sababu hapa ndipo paka wengi wanapouawa na watu wanaowapenda. Mama anaona paka ana homa, anampa kipande cha paracetamol, ile tuliyozoea kuiita Panadol. Ini la paka haliwezi kuisafisha dawa hiyo. Kidonge kimoja, na hata nusu yake, kinaweza kumuua. Vilevile ile dawa ya kupe tunayowapulizia mbuzi na ngamia: mtu anaona paka ana viroboto, anachovya kitambaa na kumpaka. Paka akijiramba ameshaimeza. Baada ya saa chache anatoka mate mengi, anatetemeka, anatapika, na watu wanasema amepewa sumu. Kweli amepewa, lakini ni hapo hapo nyumbani. Ukiona hivyo, mwoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida ya kuoshea vyombo, umkaushe, kisha umkimbize kwa daktari wa mifugo pamoja na chupa ya dawa yenyewe ili aisome. Usimnyweshe maji ya mwarobaini, wala usimpe vile vidonge vya tumbo vilivyobaki alipougua mtoto.

Sumu ya panya nayo inafika ndani ya nyumba, hata kama hukuiweka wewe. Panya aliyekula sumu kwa jirani hupita chini ya mlango, paka wako akamkamata. Sumu nyingine huzuia damu isigande, na dalili zake huonekana baada ya siku kadhaa: ufizi unakuwa mweupe, choo kinakuwa cheusi au chenye damu, paka analegea.

Tuje kwenye minyoo. Paka wa ndani naye hupata minyoo, jambo linalowashangaza wengi. Kitoto cha paka hurithi minyoo ya mviringo kupitia maziwa ya mama yake. Tegu huletwa na viroboto, na viroboto huingia nyumbani kwa nguo na kwa mifugo. Ukiona vitu kama punje za mchele kwenye manyoya ya nyuma, au pale anapolala, hizo ni sehemu za tegu. Dawa ipo na si ghali, ila kipimo hutegemea uzito wake, kwa hiyo muulize daktari wa mifugo. Usipoondoa viroboto, tegu atarudi.

Kitoto cha paka kinachotapika mara nyingi, kisichotaka kula, kimelala kichwa chini mbele ya bakuli la maji bila kunywa, kinaweza kuwa na ugonjwa mkali wa virusi unaoitwa panlukopenia. Virusi hivi huweza kuingia nyumbani kwa viatu, na hudumu sakafuni hata mwaka mzima. Ndiyo maana paka asiyetoka nje naye anapatwa. Huua vitoto vingi kwa siku chache. Haviambukizi binadamu, hilo nawahakikishia. Chanjo ipo. Kama kitoto kimekufa kwa ugonjwa huu, osha sakafu kwa sabuni, kisha weka dawa ya klorini ya kufulia, nusu kikombe cha chai katika maji lita 4, iache dakika 10, halafu suuza.

Kuna hali moja ambayo akina mama huikosea, na inaua haraka. Paka dume anaingia kwenye karai lake la mchanga, anajikamua, analia, anatoka, anarudi tena. Mama anasema choo kimefunga, anamnywesha mafuta ya simsim au samli. Tazama mchanga vizuri. Je, umelowa? Kama haukulowa tangu jana, si choo kilichofunga ni mkojo. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba na huzibwa na mchanga mchanga unaotokea kwenye kibofu, hasa kwa paka wa ndani asiyekunywa maji ya kutosha. Bila msaada anaweza kufa ndani ya siku moja hadi tatu. Na yale mafuta unayomimina kwa nguvu yanaweza kuingia mapafuni. Usingoje kesho. Katika joto letu, weka bakuli mbili au tatu za maji mahali penye kivuli, ubadilishe asubuhi na jioni.

Je, mtoto anaweza kuambukizwa? Ndiyo, kwa baadhi ya magonjwa. Wapo bakteria wa kuharisha wanaopita kutoka kwa paka kwenda kwa mtu, na mayai ya minyoo pia. Wanapitia kinyesi kilichoshikwa kwa mkono usiooshwa. Mtoto anayetambaa ndiye aliye hatarini zaidi, kwa kuwa kila kitu anakipeleka mdomoni. Weka karai la mchanga mbali na jiko na mbali na mkeka wa mtoto. Mtu mzima alisafishe kila siku na kunawa kwa sabuni kabla ya kugusa unga wa anjera.

Mama mjamzito, kazi hiyo mpe mwenzako. Kuna kidudu kinachoitwa toksoplasma ambacho kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Hakuna haja ya kumfukuza paka. Kidudu hicho kikitoka na kinyesi huchukua siku moja hadi tano kabla hakijaweza kuambukiza, ndiyo sababu nasema karai lisafishwe kila siku. Paka asiyewinda na asiyekula nyama mbichi ni vigumu kukipata. Wewe mwenyewe una hatari zaidi kwa nyama ya mbuzi isiyoiva vizuri. Kama huna wa kukusaidia, vaa mifuko ya plastiki mikononi, kisha unawe.

Ikiwa paka na mtoto wanaharisha siku moja, usikimbilie kusema paka ndiye aliyeleta. Tafuta kile wanachoshiriki. Pengine ni maji ya jerikeni moja, ya mtoni Tana baada ya mafuriko au ya kisima kilicho karibu na choo. Pengine ni maziwa yasiyochemshwa. Au ni unga. Mwaka 1981 huko Machakos watu waliugua ini kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu, na mbwa na njiwa wa eneo hilo nao walikufa. Sumu hiyo hiyo ndiyo iliyowaua watu 125 mwaka 2004, wengi wao Makueni na Kitui. Kupika hakuiondoi. Mahindi yenye ukungu usimpe mtoto, usimpe paka, wala usimpe kuku.

Na mtoto atangulie. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari ya paketi, yaani ORS, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye paketi, aendelee kunyonya na kula, na apewe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama atakavyoelekezwa kituo cha afya. Macho yakiingia ndani, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, kukiwa na damu, au choo kikiwa kama maji ya mchele, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Habari ya paka itangoja. Hali kadhalika, paka mgonjwa akimuuma au kumkwaruza mtoto, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 na uende hospitali kuulizia chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa maana paka naye hupata kichaa.

Kwa paka mzima anayeharisha kidogo lakini bado ni mchangamfu, mwondolee maziwa na mabaki. Mpe maji, na nyama ya kuku au ya mbuzi isiyo na mafuta, iliyochemshwa bila chumvi, bila bizari na bila kitunguu, kidogo kidogo kwa siku mbili. Mvute ngozi ya shingo kwa upole uiachie: ikibaki imesimama, maji yamemwishia mwilini. Hapo, au akikaa siku nzima bila kula, au kukiwa na damu, au ufizi ukiwa wa manjano, nenda ofisi ya mifugo ya kaunti. Wengi hudhani ofisi hiyo ni ya ngamia na ng'ombe tu, lakini daktari wa mifugo amesomea na paka. Chukua kinyesi kidogo kwenye chupa safi yenye kifuniko, andika umri wake na alichokula, na mbebe ndani ya kikapu kilichofungwa kwa leso, asije akaruka barabarani.