Viza kwanza, tiketi baadaye

Msikilizaji, wengi wanaojipangia wenyewe safari ya Ulaya huanza kwa kuwinda tiketi ya bei nafuu. Hapo ndipo wanapokosea. Anza na viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya: ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, ada ni yuro 90, na ukinyimwa hairudishwi. Kwa hiyo weka nafasi ya hoteli inayoweza kufutwa bila malipo. Bima ya matibabu isipungue yuro 30,000. Ombi lipeleke kwa nchi utakakolala siku nyingi zaidi, si kwa ubalozi unaosifiwa vijiweni kuwa una huruma. London haimo katika Schengen; Uingereza ina viza yake. Ukitoka Paris kwenda kumsalimu shangazi huko, kisha urudi Ufaransa, utahitaji viza inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja.