Masikio Yakivuma, Je, Ardhi Itatikisika?

(Mazungumzo na vikundi vya akina mama na wavuvi, Bodo)



Mnakumbuka usiku wa Jumatano, tarehe 12 Agosti 2020, kiasi cha saa mbili na robo. Tetemeko lenye kipimo cha karibu 6 lilitokea chini ya bahari, kusini mashariki ya Dar es Salaam, likasikika Zanzibar na pwani hii yetu mpaka Mombasa. Kesho yake maneno yakawa mengi. Huyu: "Tangu alasiri masikio yalinivuma." Yule: "Mimi kichwa kiligonga." Mwengine alikuwa na kizunguzungu.

Siwacheki. Hata Marekani na Japani wako wasemao hivyo hivyo. Lakini tulitazame jambo hili kama daftari la kikundi. Mweka hazina akiandika waliolipa tu, waliokosa asiwaandike, hesabu hiyo mtaikubali? Basi ndivyo tufanyavyo na masikio. Yamevuma mara ngapi na ardhi isitikisike? Siku hizo hatuziandiki. Anayetaka kujua kweli na aandike kabla: tarehe, saa, alisikia nini. Mpaka leo hakuna mtaalamu wa nchi yoyote aliyeweza kutaja siku ya tetemeko kubwa kabla halijaja, sembuse kichwa changu mimi.

Iko chembe ya ukweli, nisiifiche. Tetemeko hutuma mitikisiko miwili: wa kwanza mwepesi na wenye mbio, wa pili mzito, huja nyuma. Kwa aliye kilomita 300 mbali, baina yao huweza kupita nusu dakika. Mbwa akibweka ghafla, au mtu akishtuka asijue kwa nini, pengine amesikia ule wa kwanza. Lakini hapo tetemeko limeshatokea. Na nusu dakika si alasiri mpaka usiku!

Linaloniuma ni hili. Mama anaumwa kichwa na masikio yanavuma wiki nzima, anaambiwa "ardhi yazungumza nawe," anakaa nyumbani. Hiyo huweza kuwa presha, au upungufu wa damu, au malaria. Na mjamzito mwenye kichwa kikali, macho yakiona ukungu, asingoje hata kupambazuke. Apelekwe hospitali usiku huo huo.

Sasa alama za kweli kwa sisi watu wa pwani. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko lilitokea Sumatra, mbali mno. Hakuna mtu wa Bodo ambaye mwili wake ungeweza kumwambia. Mawimbi yalifika Kenya baada ya muda wa kama saa tisa, na mtu mmoja alifariki. Kisiwa cha Simeulue kiko jirani kabisa na lilikotokea, kina watu zaidi ya 70,000, wakafa saba tu. Wazee wao walikuwa wamewasimulia yaliyotokea 1907: ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, kimbilieni mlimani.

Kupwa na kujaa mwakujua kuliko mimi. Maji yakipwa wakati si wake, msishuke kuokota samaki wala pweza. Chukueni watoto mwende bara, palipoinuka, na msirudi baada ya wimbi la kwanza, maana linalofuata huweza kuwa kubwa zaidi. Aliye mbali kwenye kina kirefu na abaki huko huko. Wimbi hilo hupanda likikaribia ufuo. Na kabla hatujaondoka hapa leo, tukubaliane nani atapitia nyumba za wazee wasioweza kutembea.