Ziwa ni la wote: maneno ya uongozi wa tawi



Hatupingi gati ya boti za kitalii hapa Mwanza. Vijana wanataka ajira, halmashauri inataka mapato. Tunachopinga ni uzio utakaofunga njia ya mwaloni. Mama wa dagaa ataanika wapi? Mvuvi atashusha wapi samaki alfajiri?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kibali cha kuegesha boti si hati ya kumiliki maji.

Kwenye mkutano wa mtaa tudai njia ya wazi na eneo la kuanikia, viandikwe mkatabani kabla ya kusainiwa. Ahadi ya mdomo haifungui geti. Tujitokeze.

Uongozi wa Tawi