AHADI YA SERIKALI KWA WATOTO, NA SEHEMU YA WATU WA MOMBASA

Hotuba kwa wazazi, walimu na wazee wa mitaa



Serikali inapotia sahihi mkataba pamoja na mataifa mengine, hutoa ahadi, na ahadi ni deni. Tarehe 26 Januari, 1990, Serikali ya Kenya ilitia sahihi Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Mtoto, na tarehe 30 Julai mwaka huo huo ikauridhia, yaani ikakubali kufungwa nao. Ilikuwa miongoni mwa nchi 20 za kwanza duniani kufanya hivyo, na kuridhia kwa nchi hizo 20 ndiko kulikoupa mkataba nguvu ya sheria tarehe 2 Septemba, 1990.

Deni hilo lilichukuliwa mbele ya mataifa, lakini mwenye kulidai ni mtoto. Tena sehemu kubwa ya malipo yake hulipwa nyumbani, shuleni na katika ofisi ndogo za mitaa. Kwa hiyo yafaa kila mzazi wa Ndia Kuu, Kibokoni na Kuze, na vilevile wa Majengo na Tononoka, ajue ni jambo gani lililoahidiwa, na ni nani wa kulitimiza.

Mkataba wa mwaka 1873

Watu wa Mombasa si wageni wa mikataba iliyoandikwa mbali ikageuza maisha ya watoto. Katika karne ya 19 majahazi yalichukua watumwa katika pwani hii, na wengi wao walikuwa watoto. Tarehe 5 Juni, 1873, Sultani Barghash bin Said wa Unguja, ambaye enzi yake ilifika hata Mombasa, alikubali mkataba na Waingereza wa kukataza watumwa wasisafirishwe baharini na kufunga masoko yao. Hakukubali kwa hiari tupu. Mapema mwaka huo alikataa maombi ya mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, na akakubali tu alipotishwa kwamba kisiwa chake kitazingirwa na manowari.

Hata hivyo wino peke yake haukumfungua mtoto hata mmoja. Ilibidi majahazi yasimamishwe baharini na kupekuliwa. Kisha ikabidi patafutwe mahali pa kuwaweka waliookolewa, kwa maana mtoto aliyetekwa bara akiwa mdogo hakujua njia ya kurudi kwao. Ndipo mwaka 1875 wamisionari wa Church Missionary Society walipoanzisha kijiji cha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Kisauni. Huko watoto walitiwa shuleni, wakafundishwa kusoma na kazi za mikono. Kengele ya kijiji hicho ndiyo iliyopapa mahali pale jina la Kengeleni, linalotumika mpaka leo.

Lakini ikumbukwe ya kuwa hali ya utumwa yenyewe haikufutwa katika sheria ya pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Tangu mkataba hadi hapo ilipita miaka 34, na mtoto aliyekuwa mtumwa mwaka 1873 alikuwa mtu mzima wakati sheria ilipomfikia. Hilo ndilo fundisho la mkataba ule: mtoto hawezi kuungoja mkataba ukae bila kutekelezwa, kwa sababu utoto haungoji.

Jinsi haki za mtoto zilivyoandikwa

Haki hizi hazikuzuka ghafula. Mwaka 1924, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Shirikisho la Mataifa mjini Geneva lilikubali azimio fupi juu ya watoto, lililoandikwa na bibi mmoja Mwingereza, Eglantyne Jebb, aliyekuwa akiwasaidia watoto wenye njaa wa Ulaya. Tarehe 20 Novemba, 1959, Umoja wa Mataifa ulitoa azimio lenye kanuni 10. Hayo yalikuwa maneno mema, lakini hayakuifunga serikali yo yote. Mwaka 1978 nchi ya Poland ilitoa shauri kwamba uandikwe mkataba wenye nguvu. Kazi hiyo ilichukua miaka kumi na zaidi, na mkataba wenye vifungu 54 ukapitishwa tarehe 20 Novemba, 1989. Nchi 196 zimejifunga nao. Katika nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa, ni Marekani peke yake iliyotia sahihi bila kuuridhia.

Wako wanaosema ya kuwa haki za mtoto ni desturi ya kigeni, yenye kumfundisha mtoto ujeuri. Jibu lao limo katika mkataba wa Waafrika wenyewe. Mwezi Julai, 1990, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipitisha mjini Addis Ababa Mkataba wa Afrika juu ya Haki na Ustawi wa Mtoto, na Kenya ikauridhia mwaka 2000. Mkataba huo, pamoja na kutaja haki, wataja na wajibu wa mtoto: kuwaheshimu wazazi na wazee wakati wote, na kuwasaidia wanapohitaji, kwa kadiri ya umri wake. Basi heshima haikuondolewa. Kilichoondolewa ni ruhusa ya mtu mzima kumtumia mtoto apendavyo.

Ahadi ilivyoingia katika sheria za nchi

Baada ya kuridhia mkataba wa kwanza, ilipita miaka 11 kabla ya Kenya kuwa na sheria moja iliyokusanya mambo ya watoto, nayo ni Sheria ya Watoto ya mwaka 2001. Mwezi Januari, 2003, ada za shule za msingi za serikali ziliondolewa, na watoto wengi mno wakajaa madarasani. Kisha ikaja Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 53 chasema kila mtoto ana haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa, elimu ya msingi ya bure na ya lazima, chakula, makazi na matibabu, na kulindwa asiteswe wala kutumikishwa. Chasema pia ya kuwa malezi ni wajibu wa baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 iliweka umri wa kuoa na kuolewa kuwa miaka 18, na mwaka 2022 Sheria mpya ya Watoto ilichukua mahali pa ile ya zamani.

Serikali nayo imewahi kupatikana na kosa. Tarehe 22 Machi, 2011, Kamati ya Wataalamu ya Afrika inayosimamia ule mkataba wa Addis Ababa iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za watoto wa Kinubi, ambao babu zao waliletwa na Waingereza kutoka Sudan kuwa askari. Watoto hao walizaliwa Kenya, na wengine hawakuandikishwa, wala hawakuwa na hakika ya uraia wao. Hukumu hiyo yaonyesha faida ya mkataba: serikali iliyotoa ahadi mbele ya wengine yaweza kuulizwa habari zake.

Sehemu ya wananchi

Jambo la kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Maji ya kifuu bahari ya chungu: karatasi hiyo ndogo kwa mtoto ni jambo kubwa. Ndiyo inayoonyesha jina lake, wazazi wake na umri wake. Huulizwa katika mambo ya shule, na baadaye katika kitambulisho na pasipoti. Tena ndiyo ushahidi wa kwanza pale mtu anapodai kwamba msichana wa miaka 14 amefika umri wa kuolewa. Mtoto aliyezaliwa nyumbani yapasa aripotiwe kwa naibu wa chifu, na sheria yataka uzazi uandikishwe katika muda wa miezi 6. Aliyechelewa aweza kuandikishwa bado, ila kwa usumbufu zaidi.

La pili ni ulinzi. Mwaka 2006 uchunguzi wa UNICEF na Serikali ulionyesha ya kuwa maelfu ya watoto wa pwani, Mombasa ikiwamo, walikuwa wakinunuliwa kwa uasherati, na kwamba wanunuzi hawakuwa watalii peke yao bali na Wakenya pia. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Lakini askari hawezi kuingia kila uchochoro. Jirani ndiye anayejua mtoto gani haendi shule, ni nyumba gani ina mtumishi mdogo wa kike asiyelala, na ni msichana gani amepelekewa posa kabla ya wakati. Kunyamaza kwa kuogopa aibu ya ukoo ni kumwachia mtoto aibu hiyo aichukue peke yake.

Mwenye habari ya mtoto anayeteswa na apige simu 116, isiyolipiwa, au aende kwa afisa wa watoto, au kituo cha polisi. Mashauri ya watoto yana mahakama yake Tononoka, hapa kisiwani.

Serikali ilitia sahihi kwa niaba ya wananchi wote, na sahihi hiyo yawafunga wote. Mzazi anayemwandikisha mtoto wake, mwalimu anayeuliza habari za mwanafunzi asiyeonekana darasani, na mzee anayekataa kuhudhuria posa ya mtoto mdogo, kila mmoja wao analipa sehemu yake ya deni.