Somo la Afya: Mshipa Mkuu wa Mtu Aliyezaliwa na Kasoro ya Moyo

Natumaini mmekwisha keti, na kila mmoja ana daftari lake na kalamu yake. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: MOYO, MSHIPA, KIPIMO. Yasomeni pamoja kwa sauti. Vema.

Leo tutazungumza habari za watu wazima waliozaliwa na kasoro ya moyo. Katika kila watoto 100 wanaozaliwa, karibu mmoja huzaliwa na kasoro ya namna hiyo. Zamani wengi wao hawakufika utu uzima. Siku hizi, palipo na upasuaji wa moyo, wengi hufika. Hulima, hufanya biashara, huoa na kuolewa. Yawezekana hata humo darasani mwenu yumo mtu mwenye kovu la upasuaji kifuani au ubavuni. Asione haya. Somo hili ni lake kwanza, halafu ni letu sote.

Kasoro za moyo ni nyingi, na redio haina saa za kutosha kuzieleza zote. Nimechagua moja tu. Moyo ni kama pampu. Damu ikitoka moyoni huingia katika mshipa mkuu, ambao madaktari huuita aota. Mshipa huo hupanda kidogo, hupinda kama kichwa cha bakora, kisha hushuka kuelekea tumboni na miguuni. Pale penye pindo hutoka matawi yaendayo kichwani na mikononi. Basi kuna watu ambao, tangu tumboni mwa mama, mshipa huo umebana karibu na pale matawi yanapoishia.

Mtu anayemwagilia bustani kwa mpira ataelewa upesi. Ukiukanyaga mpira, upande wa bombani hukaza na kuvimba, na upande wa pili maji huchuruzika tu. Ndivyo ilivyo kwa mtu huyu. Kichwa na mikono hupata damu kwa nguvu kupita kiasi, na miguu hupata hafifu.

Mwaka 1944, daktari Clarence Crafoord wa Stockholm, nchini Uswidi, aliikata sehemu iliyobana akaziunganisha ncha mbili kwa uzi. Baadaye zikapatikana njia nyingine. Wako wanaopanuliwa mshipa kwa puto dogo linalopitishwa kwa mrija kutoka pajani, bila kupasuliwa kifua. Hapa kwetu, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, huwatibu watoto na watu wazima wenye kasoro za moyo.

Sasa sikilizeni kwa makini. Mtu akisha tengenezwa mshipa, jamaa husema, "Amepona," na kadi ya hospitali hutupwa sandukuni. Neno hilo mimi silipendi. Mbano umeondolewa, ni kweli, lakini kuta za mishipa hazikubadilishwa. Mshipa mzima hutanuka damu inapopita, kisha hurudi, kama mpira wa manati. Mishipa ya mtu huyu mara nyingi ni migumu, hasa kama alichelewa kutengenezwa. Mshipa mgumu hautanuki vizuri, na presha hupanda. Wengi waliotengenezwa utotoni hupata presha ya juu ukubwani, hata kama mshono ni mzuri. Tena, mahali pa mshono paweza kubana upya, au ukuta wake ukatuna na baadaye kupasuka. Na presha kwa kawaida haiumi! Mtu aweza kulima shamba lake mwaka mzima bila kujisikia vibaya, kisha akaanguka kwa kiharusi.

Kwa hiyo kipimo ni lazima. Lakini hata kipimo chaweza kudanganya. Katika upasuaji wa namna moja, mshipa wa mkono wa kushoto ulikatwa ukatumiwa kama kiraka. Mkono huo ukipimwa, namba itakuwa ndogo, na mgonjwa ataambiwa aende nyumbani, kumbe presha yake ni kubwa. Mtu aliyezaliwa na mbano wa mshipa mkuu aseme, "Tafadhali nipime mkono wa kulia." Mwuguzi mwema hatakasirika. Katika kasoro nyingine huweza kuwa mkono wa kulia ndio usiofaa, basi kila mmoja amwulize daktari wake mkono upi upimwe.

Mguu nao upimwe. Kwa kawaida presha ya mguu haiwi ndogo kuliko ya mkono. Mkono ukizidi mguu kwa 20 au zaidi, daktari atashuku kwamba mshipa umebana tena, na atapiga picha ya mshipa. Hata kwa vidole mtu aweza kupata dokezo. Wekeni vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Mnasikia mapigo? Mapigo kama hayo yapo pia kinenani, lakini hayo mtayatafuta nyumbani, si darasani. Kwa mtu mzima wa afya hupiga karibu pamoja. Mshipa ukibana, ya kinenani huwa hafifu na huchelewa.

Habari ya chumvi na tumbaku mmekwisha isikia mara nyingi. Kwa mtu huyu ina uzito zaidi. Kutembea kunafaa. Kuinua gunia la mahindi huku amebana pumzi hupandisha presha ghafula, basi amwulize daktari kwanza. Mwanamke anayetaka kuzaa aende kupimwa kabla ya kushika mimba. Na vidonge vya presha visiachwe kwa sababu tu mtu anajisikia vizuri.

Sasa fungueni madaftari. Nitasoma polepole, nanyi mwandike: "Nilizaliwa na mshipa mkuu uliobana. Nilitengenezwa mwaka fulani. Nipimwe presha mkono wa kulia, na mguu pia." Mwenye kasoro hiyo aandike mwaka wake, akate karatasi, aiweke ndani ya kadi yake ya hospitali. Asiye nayo aandike vilevile, ampelekee ndugu au jirani anayeihitaji. Mwalimu atasahihisha herufi. Tutakutana juma lijalo, saa hii hii.